Kokteli ya forosadi na nanaa nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila wiki napokea picha ileile. Glasi ndefu, kinywaji chenye rangi ya kahawia, vipande vya majani vikielea juu kama mchicha uliochemshwa kupita kiasi, na chini yake swali: "Nimekosea wapi?" Msomaji wa Nyalenda alipata uchungu. Wa Mamboleo alipata maji yenye harufu ya pombe. Dada mmoja wa Nakuru aliniambia wageni wake walikunywa nusu glasi kwa heshima, kisha wakaomba soda. Hilo liliniuma, maana alikuwa amenunua vitu vizuri na kutumia jioni nzima.

Nimewajibu mmoja mmoja, sasa naweka yote mahali pamoja. Kosa kubwa karibu kila mara ni moja: tunda na nanaa vinatiwa pamoja na kupondwa kwa nguvu sawa. Tunda linataka kupondwa. Nanaa inataka kuamshwa tu. Ukizitenganisha kazi hizi mbili, umeshavuka sehemu ngumu zaidi.

## Utakachohitaji

Vipimo hivi ni vya glasi moja ndefu ya mililita 300 hadi 350.

- Forosadi nyeusi zilizoiva, 12 hadi 15. Huku kwetu wengi huziita malberi. Ukikosa, tumia stroberi 4 za wastani.
- Nanaa (minti): majani 8 hadi 10, na kishada kimoja kizuri cha kupambia.
- Maji ya ndimu, mililita 20, yaani vijiko vidogo 4.
- Shira ya sukari, mililita 20. Tutaipika hapa chini.
- Ramu nyeupe, mililita 50, yaani vijiko vikubwa 3 na kijiko kidogo 1. Vodka pia inafaa, ila ladha yake ni ya kimya zaidi.
- Maji ya soda yasiyo na sukari, baridi sana, mililita 100 hivi.
- Barafu nyingi kuliko unavyodhani. Weka ya kujaza glasi mbili kwa kila kinywaji kimoja.

Vyombo viko jikoni kwako tayari: chupa ya jemu ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chujio la chai, mchi mdogo au mpini wa mwiko, vijiko vya kupimia na kisu.

Usiponde matunda wala kuacha maji ya ndimu ndani ya sufuria ya alumini. Tindikali hula chuma hicho, na kinywaji hutoka na ladha ya kulamba sarafu. Tumia kioo, udongo au plastiki safi.

## Kuhusu pombe yenyewe

Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya ushuru, kwenye duka lenye leseni. Stempu unaweza kuikagua kwa simu ukitumia programu ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) iitwayo Soma Label. Usiweke chang'aa wala pombe ya kupimiwa kwenye kikombe, hata kama anayeiuza ni jirani unayemwamini. Methanoli haina ladha wala harufu ya kukuonya; inapofusha na inaua. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walifariki Kirinyaga kwa pombe yenye sumu. Ndimu na sukari haviwezi kuondoa sumu hiyo.

Glasi moja ya vipimo hivi, kwa ramu ya asilimia 40, ina mililita 20 za kilevi halisi. Hiyo ni sawa na chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4. Nalisema mapema kwa sababu tunda na sukari huficha ukali, na mgeni anaweza kumaliza glasi tatu akidhani anakunywa juisi. Aliye chini ya miaka 18, mjamzito, aliye kwenye dawa na anayeendesha gari au pikipiki wapewe ile isiyo na pombe. Nimeiweka mwishoni, na si kinywaji cha kuonea huruma. Ni kitamu kwelikweli.

## Hatua ya 1: Barafu, usiku uliotangulia

Kwa joto la Kisumu barafu ndiyo nusu ya kazi. Vipande vidogo huyeyuka upesi na kumwaga maji kwenye glasi kabla hujakaa kitini. Vipande vikubwa huyeyuka taratibu kwa sababu sehemu inayogusana na kinywaji ni ndogo ikilinganishwa na uzito wake. Kama huna trei kubwa, gandisha maji kwenye vikombe vidogo vya plastiki au kopo la mtindi, kisha vunja kipande kikiwa ndani ya kitambaa safi.

Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Barafu ya maji machafu ni uchafu uleule, baridi tu.

Onyo ambalo watu wa ziwani wanalihitaji kuliko wengine: barafu hunyonya harufu. Ikilala friza moja na samaki au omena ambao hawajafungwa vizuri, kinywaji chako kitawataja. Funika trei kwa mfuko wa plastiki, fundo likaze. Na kwa kuwa stima hupotea bila taarifa, gandisha siku moja kabla, usingoje saa mbili kabla ya wageni.

*Ukifaulu:* lamba kipande kimoja. Hakina ladha yoyote, na hakitoi harufu ukikiweka karibu na pua.

## Hatua ya 2: Shira

Sukari ya chembe haiyeyuki vizuri kwenye kinywaji baridi. Itashuka chini, na mnywaji atapata ukali juu na utamu wa kukwaruza mwishoni. Ndiyo maana tunapika shira.

Chukua gramu 200 za sukari na mililita 250 za maji. Pasha moto wa wastani huku ukikoroga. Chembe zikishaisha, na maji yakianza tu kutoa mapovu pembeni, zima. Usiiache ichemke hadi inate kama shira ya kaimati. Maji yakipungua, kijiko kilekile kitabeba sukari nyingi zaidi na vipimo vyangu vyote vitakupotosha.

Utapata mililita 370 hivi, za kutosha glasi 18. Ipoe kabisa kabla ya kuitumia. Ikikaa friji kwenye chupa safi hudumu wiki mbili. Ukiona ukungu au utando, mwaga.

Sukari ya kahawia ya hapa magharibi mwa Kenya inafaa na huongeza ladha ya miwa. Sukari nguru nayo ni nzuri, lakini rangi yake nzito hufunika rangi ya tunda. Binafsi huitumia kwa chai, hapa naiacha.

*Ukifaulu:* tone moja kati ya vidole halina chembe, na shira inamiminika karibu sawa na maji, nzito kidogo tu.

## Hatua ya 3: Kuchagua na kusafisha

Forosadi nzuri ni nyeusi kabisa na huachia mti ukiigusa. Zilizo nyekundu ni chachu na hazina harufu. Hazivumilii safari wala kukaa, ndiyo maana ni nadra kuzikuta zimepangwa sokoni. Mwenye mti ua wa nyuma ndiye mwenye bahati. Muombe jirani, na uchume siku ileile. Vaa nguo isiyokuuma ikidoa.

Stroberi hupenda baridi ya nyanda za juu, kwa hiyo zinazofika Kisumu zimesafiri. Geuza kikopo uangalie chini: unyevu mwekundu chini maana yake zilizo juu zimefunika zilizooza. Ukifika nyumbani zioshe zikiwa na vikonyo vyake, zikaushe, ndipo ukate vikonyo. Ukikata kwanza, maji huingia ndani ya tunda na ladha hupungua.

Kwa nanaa mimi huenda soko la Kibuye asubuhi.

"Mama, nanaa hii ni ya lini?"

"Ya leo, mwanangu. Nusa."

Jibu sahihi ndilo hilo la pili. Paka jani moja kati ya vidole na unuse. Harufu ikija mara moja, tamu na ya ubaridi, chukua. Majani meusi pembeni, au shina lililolegea, acha hata ukipewa la nyongeza. Nyumbani kata ncha za mashina na uyasimamishe kwenye glasi ya maji kama maua.

Osha majani kwa maji baridi yanayotiririka, kisha yapangusie kwenye kitambaa kikavu. Usiyaloweke.

*Ukifaulu:* kila kitu kimekauka juu, na jikoni kunanukia kabla hujaanza.

## Hatua ya 4: Kuponda tunda

Hapa tumia nguvu. Tia forosadi kwenye chupa ya jemu, mimina shira, ponda kwa mchi mara kumi na tano au ishirini. Kisha funika na uache dakika kumi.

Dakika hizo kumi ndizo watu huruka, na ndizo zinazoleta tofauti kati ya kinywaji chenye ladha ya tunda na chenye rangi ya tunda tu. Sukari huvuta maji yaliyo ndani ya nyama ya tunda yatoke nje, na maji hayo hutoka na harufu na rangi. Ukipita bila kusubiri, nusu ya tunda lako itabaki kwenye chujio.

Vikonyo vyembamba vya forosadi usihangaike navyo, chujio litavizuia. Mbegu za stroberi vilevile, ila usizisage kwa blenda. Mbegu zikivunjika huleta uchungu, na blenda hujaza povu lisiloshuka.

*Ukifaulu:* chupa ikiinamishwa, kuna maji mazito ya zambarau nzito yanayotembea chini ya rojo. Kama rojo imekaa kimya, ongeza dakika tano.

## Hatua ya 5: Ndimu

Bingirisha ndimu mezani kwa kiganja hadi ilainike, kata katikati kwa upana, kamua. Acha kukamua maji yanapoanza kudondoka kwa shida. Ukiendelea kupinda ganda, unatoa uchungu wa ile nyama nyeupe na mafuta ya ganda, na baadaye utailaumu nanaa bure.

Kamua siku ileile. Maji ya ndimu ya jana yana uchachu, lakini ile harufu ya kuamsha mate imekwisha.

Yamimine juu ya tunda na uangalie: zambarau nzito inageuka nyekundu angavu papo hapo. Rangi ya forosadi hubadilika ikikutana na tindikali. Nimefanya mara nyingi, na bado huwaita watoto waje waone.

*Ukifaulu:* nyekundu ya kung'aa. Ikibaki zambarau iliyokolea, ndimu haitoshi.

## Hatua ya 6: Kuamsha nanaa

Soma sehemu hii mara mbili.

Harufu ya nanaa haiko ndani kabisa ya jani. Imo kwenye vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyo juu ya uso wake. Pigo dogo tu linavipasua. Ukilisaga jani, unapasua pia nyama yake, na humo mna kijani chenye ladha ya nyasi na vimeng'enya vinavyofanya jani liwe jeusi likikutana na hewa, kama ndizi iliyokatwa. Ule ukahawia na ule uchungu mnaonitumia picha zake hutoka hapo.

Fanya hivi. Weka majani 8 kwenye kiganja cha kushoto, yamelala. Piga kofi moja kwa kiganja cha kulia, kama unampongeza mtoto aliyeimba. Nusa: harufu imejaa chumbani. Yatie kwenye chupa, yabonyeze kwa mchi mara tatu bila kuzungusha. Mara tatu, basi. Mkono ukitamani ya nne, weka mchi chini.

*Ukifaulu:* majani bado ni mazima, yamelegea kidogo, kijani kilekile. Ukiona vipande, umezidisha. Yatoe sasa hivi uweke mapya. Tunda halijaharibika bado.

## Hatua ya 7: Ramu, kisha onja

Mimina mililita 50 za ramu. Pima. Kumimina kwa macho ndiko kulikompa msomaji wa Mamboleo kinywaji kilichonukia pombe pekee, kwa sababu jicho likiwa karamuni huwa na ukarimu.

Onja tone kwa kijiko. Wakati huu ladha iwe kali kupita unavyopenda: chachu kupita kiasi kidogo, tamu kupita kiasi kidogo. Bado barafu na soda vinakuja kuipunguza. Ikiwa tamu ya kupendeza sasa, itakuwa maji baadaye. Rekebisha kwa kijiko kidogo kimoja kimoja, ama ndimu ama shira. Ndimu zetu hazilingani, kwa hiyo ulimi wako una neno la mwisho kuliko kipimo changu.

## Hatua ya 8: Kutikisa

Jaza chupa barafu hadi robo tatu. Funika, ukaze, uizungushie kitambaa, utikise kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Kutikisa kunapoza, kunachanganya, na kunayeyusha kiasi kidogo cha maji kinachotakiwa. Usizidishe nusu dakika.

Onyo: soda isiingie kwenye chupa hii kabisa. Gesi ikitikiswa ndani ya kioo kilichofungwa, kifuniko kinaweza kuruka au chupa kupasuka.

*Ukifaulu:* nje ya chupa pametokwa jasho la baridi, na vidole vinauma kuishika.

## Hatua ya 9: Kujenga glasi

Jaza glasi barafu mpya hadi juu. Ile uliyotikisia imechoka, iache. Chuja kinywaji kupitia chujio la chai, ukibonyeza rojo taratibu kwa mgongo wa kijiko. Majani na mbegu vyote vibaki nyuma. Hakuna anayependa kutoa jani kati ya meno mbele ya shemeji.

Sasa soda. Iwe imetoka friji muda huohuo, kwa sababu maji baridi hushika gesi kuliko yenye joto. Imimine polepole ukutani mwa glasi iliyoinamishwa. Ingiza kijiko hadi chini, inua mara moja, toa. Ukikoroga unafukuza mapovu uliyoyalipia.

Mwisho, chukua kile kishada cha nanaa, kipige kofi moja mkononi, kichomeke pembeni karibu na mdomo wa glasi. Si pambo tu: pua itafika kwenye nanaa kabla mdomo haujafika kwenye kinywaji, na nusu ya ladha ni hiyo.

*Ukifaulu:* nyekundu inayong'aa chini, ikififia kuelekea juu. Mapovu yanapanda. Harufu ya kwanza ni nanaa, ladha ya kwanza ni tunda, ndimu inafuata, na ramu unaisikia kama joto kifuani baada ya kumeza. Isikie mwisho, isiwe mwanzo.

## Ikienda vibaya

Chungu? Nanaa ilipondwa au ndimu ilikamuliwa hadi ganda. Shira haitaokoa, itakuwa chungu na tamu. Anza upya.

Maji matupu? Barafu ndogo, soda nyingi, au hukusubiri zile dakika kumi. Kipimo cha soda ni mililita 100. Kopo zima si la glasi moja.

Tamu ya kuchosha? Angalia soda yako. Wengi hununua soda ya limau wakidhani ni maji ya soda, na ile ina sukari yake. Ongeza ndimu nusu kijiko baada ya nusu kijiko.

Rangi nzuri, ladha hakuna? Tunda halikuiva. Hapo hata mimi sina dawa.

## Kwa wageni wanane

Ponda nusu kilo ya tunda na mililita 160 za shira kwenye jagi, subiri dakika ishirini, chuja. Ongeza mililita 160 za maji ya ndimu na mililita 400 za ramu. Kwa kuwa hutatikisa, ongeza pia mililita 150 za maji baridi ya kunywa kushika nafasi ya barafu inayoyeyuka. Weka friji kwa muda usiozidi saa tatu.

Nanaa na soda visiingie kwenye jagi. Majani yakilala humo yatakuwa meusi, na gesi itakuwa imekwisha kabla mgeni wa pili hajafika. Amsha majani machache kwa kila glasi, tia barafu, mimina, malizia kwa soda.

## Isiyo na pombe

Tatizo la kutoa ramu bila kuweka kitu ni kwamba kinabaki kinywaji cha watoto: kitamu, hakina mshiko. Badala ya ramu weka mililita 50 za strungi (chai isiyo na maziwa) ya Kericho au Nandi, iliyokolea, isiyo na sukari, iliyopozwa kabisa. Ule ukavu unaoachwa na chai ulimini hushika nafasi ya ukali wa pombe. Kipande cha tangawizi ukubwa wa ukucha, kikipondwa pamoja na tunda, huleta lile joto la kifuani. Hatua nyingine zote hazibadiliki.

## Nanaa ya dirishani

Fungu la sokoni lina majani mengi kuliko utakayotumia. Chagua mashina matatu imara, ondoa majani ya chini, yasimamishe kwenye glasi ya maji dirishani na ubadilishe maji kila siku mbili. Mizizi ikifika urefu wa kidole, panda kwenye kopo lililotobolewa chini. Usiipande shambani moja kwa moja, kwa sababu nanaa hutambaa na kumeza sukuma wiki. Ukihitaji majani, kata shina juu kidogo ya jozi ya majani. Hapo hapo yatachipuka mawili.